Kambale wa nani? Kutafuta ndoa na makaburi ya wakoko wa Beni ya zamani

Wandugu, mwaka jana mdogo wangu alikuwa tayari kupeleka mahari Beni. Mbuzi zilishahesabiwa. Kumbe shangazi alikuwa na neno: "Ngojeni kwanza. Koko ya huyu binti na koko yetu walikuwa wanaitana dada. Si walizaliwa na yule soda wa poste?" Mkutano ukaishia palepale. Damu moja haioani kwetu, na hakuna mzee aliyekuwa na hakika. Nikatumwa mimi, eti nimesoma historia.

Poste hiyo ni Beni ya zamani, kule bondeni Semliki, si mji wa leo. Dola Huru ya Kongo ya Léopold II ilikuwa na ngome ya Force Publique hapo, lile jeshi lililoundwa 1885. Wasoda wengi walitoka mbali, hawakuwa Wanande. Waliishi na wanawake kambini, wengine waliowaoa palepale. Kwenda kutafuta kaburi huko leo si mchezo: malale iliondoa watu bondeni, Hifadhi ya Albert (1925, sasa Virunga) ikapanuliwa juu ya makao yao, na tangu 2014 sote tunajua njia za upande ule zikoje. Kwa hiyo kaburi tunalitafuta kwenye karatasi.

Karatasi zinaanzia 1906, mapadri wa Moyo Mtakatifu walipofungua misheni ya Saint-Gustave. Waassomption walifika nyuma, 1929. Parokia ina kitabu cha ubatizo, cha ndoa, cha wafu. Wengi wanakimbilia kile cha ndoa. Mimi naona ni kosa. Anza na ubatizo. Sheria ya Kanisa inadai ndoa ya mtu iandikwe pia pembeni ya mstari wake wa ubatizo, hata kama alifunga ndoa parokia nyingine. Ukipata mstari mmoja tu, una wazazi, msimamizi, kijiji, na kandokando jina la mume au mke. Tena sheria ya 1917 ilitaka nakala za vitabu zipelekwe kwa askofu kila mwaka. Ikiwa parokia ilichomwa, uliza uaskofuni. Ila kabla ya 1934 Beni ilikuwa chini ya Stanley Falls, kwa hiyo nakala za wakati ule zinaweza kuwa Kisangani.

Shida kubwa ni majina. Unafungua kitabu: Kambale, Kambale, Kasereka, Paluku, Kambale... Majina yetu yanasema umezaliwa wa ngapi, hayasemi wewe ni wa ukoo gani. Kinachosaidia ni jina la ubatizo, na wakoko walilazimishwa kuliacha 1972, wakati wa authenticité. Ndiyo maana halimo kwenye karte zao. Kabla ya kumsumbua sekreteri wa parokia, kaa na wamama wazee uulize: kanisani walikuwa wanamwita nani? Na usisahau, soda ambaye hakubatizwa hayumo kitabuni kabisa, wala ndoa yake ya kambini. Huyo labda mafaili ya wakoloni, yaliyoko Brussels.

Mimi nilirudi mara tatu. Koko yetu nilimpata kwanza, baba yake ana jina ambalo si la kwetu hata kidogo. Koko ya binti alibatizwa akiwa mkubwa: baba mwingine, mama mwingine, kijiji kilekile. Kwenye nafasi ya msimamizi kuna jina la koko yetu. Ni udada wa ubatizo, basi.

Shangazi alisomewa fotokopi mara mbili. "Padri aliandika alichoambiwa," akasema. Alikuwa na haki, hata mimi sikuwa na la kumjibu. Lakini wazee walikubali, na mbuzi ziliondoka mwezi uliofuata.

Soda mwenyewe bado namtafuta. Kitabu cha wafu nimekipitia chote, jina lake halimo.