Tope la Choo Linavyogeuka Kuwa Makaa

Katika nyumba nyingi za Free Area, chakula bado hupikwa kwa makaa yanayonunuliwa kwa mkebe. Makaa hayo ni bayomasi, yaani nishati inayotokana na mimea, mabaki ya mazao, na kinyesi cha mifugo au cha binadamu. Zaidi ya thuluthi mbili ya nishati inayotumika nchini Kenya ni bayomasi, hasa kuni na makaa.

Bayomasi huhesabiwa kuwa nishati jadidifu kwa sababu mti ukikatwa, mwingine huota. Hata hivyo, ni jadidifu tu ikiwa miti inaota upesi kuliko inavyochomwa. Tanuri ya udongo hutoa kilo 1 hadi 2 pekee za makaa kwa kila kilo 10 za kuni. Serikali ilipositisha ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, bei ya makaa ilipanda na familia nyingi zikaumia.

Nakuru ina malighafi isiyohitaji kukata mti. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka, hivyo vyoo vya shimo hujaa na kunyonywa na magari. Tope hilo likimwagwa ovyo mitaroni, huweza kufika Ziwa Nakuru, ambalo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hubaki humo.

Kampuni ya maji na majitaka ya Nakuru, NAWASSCO, ilianzisha kampuni tanzu ya NAWASSCOAL ili kutengeneza briketi kutokana na tope hilo. Kwanza tope hukaushwa kwa jua. Kisha huchomwa katika tanuri yenye hewa kidogo hadi kuwa makaa. Joto hilo huua vijidudu na kuondoa harufu. Unga wa mbao nao huchomwa vivyo hivyo. Viwili hivyo husagwa, huchanganywa na molasi ili vishikane, huviringishwa kuwa vidonge, kisha hukaushwa tena. Briketi hizo ziliuzwa kwa jina la Makaa Dotcom.

Briketi za aina hii huacha majivu mengi kuliko makaa ya miti, lakini huwaka polepole, jambo linalofaa kwa kuchemsha maharagwe au githeri. Kama makaa mengine yote, hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Fungua dirisha unapopika, na usilale na jiko linalowaka chumbani.

Mkazi anaweza kusaidia kuanzia chooni kwake. Usitupe nepi, pedi, plastiki wala vitambaa shimoni, kwani huziba mipira ya magari na kuharibu tope. Shimo likijaa, ita gari lenye leseni na uhakikishe tope linapelekwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka.