Mnyoo Aliyevua Shungi Hajafa

Mwenye kufuga viumbe vya baharini katika tangi la kioo hakosi siku moja kukutana na kioja hiki: yule mnyoo wa manyoya, aliyemtaka kwa ajili ya shungi lake lililotanda kama kipepeo cha ukili, ameamka hana shungi. Manyoya yamelala mchangani, na pale jiweni pamebaki mrija mtupu wa rangi ya tope. Wengi humtoa wakamtupa. Nami nasema mara nyingi humtupa kiumbe hai.

Kwanza tumjue. Mnyoo huyu ana jamaa zake hapa hapa katika Bahari ya Hindi, miambani na kwenye nguzo za magati. (Lakini asiende mtu kumng'oa katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, huko kumewekewa ulinzi tangu 1968.) Mwili wake wote umo ndani ya ala aliyoijenga mwenyewe kwa ute na mchanga. Kinachotokeza ni manyoya tu. Kwayo hunasa vijimea na vijidudu vinavyopita majini, na kwayo hayo hayo huvuta pumzi. Tena yana vidoto vinavyotambua kivuli: pitisha mkono juu ya tangi, naye keshazama alani kabla hujamaliza bismillahi.

Basi anayekula na kupumua kwa shungi halivui kwa mzaha. Hulivua akidhikika: chumvi imebadilika ghafla, joto limepanda, maji yamechafuka, au kuna jirani mbaya. Kitatange, bunju, kikande na kaa wakubwa si wa kuwekwa naye pamoja. Akiisha kulivua hujifungia, na mambo yakimkalia sawa, baada ya wiki chache hutoa jingine, dogo na jembamba. Mwenye njaa, kila shungi jipya huwa dogo kuliko lililotangulia, hata akaisha.

Hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie akajitafutie, sote tulisomeshwa chuoni. Sioni kwa nini mnyoo aliyefungiwa kiooni awe nje ya onyo lile.

Dawa yake ni maji. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa kila kilo, na joto linalomfaa ni nyuzi 24 hadi 27. Sasa angalia: maji ya tangi hukauka, chumvi haikauki. Kwa hivyo pengo la kila siku hujazwa kwa maji matamu yasiyo na klorini, kidogo kidogo. Ajazaye kwa maji ya chumvi humkoleza mnyoo wake kama achari. Na dawa za samaki zenye shaba zisilikaribie tangi hilo kabisa, kwani shaba inayomponya samaki humuua mnyoo.

Mgeni aliyetoka safarini asitumbukizwe. Mwekee ndooni katika maji aliyokuja nayo, umtilie ya tangi tone kwa tone kwa muda wa saa moja au zaidi. Ukimshika, shika ala polepole, wala usimvute mwenyewe atoke. Mweke penye mkondo mwanana. Chakula chake ni maji ya kijani yenye vijimea vya baharini, yanayodondoshwa kwa bomba dogo juu ya mkondo yamfikie yenyewe. Asiye na shungi hana cha kunasia, basi ukizidisha chakula utayaozesha maji bure.

Wakati mwingine huiacha hata ala akabaki uchi. Hiyo ni dhiki kubwa, lakini aweza kujenga nyingine akipata mchanga laini na pahali pasipofikiwa na samaki. Aliyekufa hujijulisha: hulegea, hutokeza nje ya ala asirudi akiguswa, na hunuka. Huyo mtoe saa ile ile, asije akawasumia wenzake maji.