Kipato Kimepanda, Mbona Furaha Haijapanda?

Kwamba kuhama kijijini kunaongeza kipato, Tanzania hilo halina ubishi mkubwa. Utafiti wa kaya za Kagera, ulioanza mwaka 1991 na kuwafuatilia watu walewale popote walipokwenda, ulionyesha kufikia 2004 kuwa ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa waliobaki, wakiwemo waliolelewa nao nyumba moja, kwa pointi 36 za asilimia. Furaha haifuati mwendo huo. Foleni na kodi ya pango huchosha, lakini naona sababu kubwa zaidi ni kwamba anayehama hubadilisha pia watu anaojipima nao. China imetoa ushahidi mzito wa jambo hili. Wachumi John Knight na Ramani Gunatilaka walichambua takwimu za 2002 wakitumia kipimo cha furaha cha 0 hadi 4: wanavijiji walipata wastani wa 2.7, na wenzao waliohamia mijini, waliokuwa na kipato kikubwa zaidi, 2.4. Kijijini mtu hujilinganisha na jirani mwenye shamba kama lake. Mjini hujilinganisha na mkazi aliyesajiliwa rasmi kama mwenyeji wa mji, mwenye haki za huduma asizozipata yeye.

Huenda wanaohama ni wale wenye manung'uniko tangu kwao? Watafiti hao waliipima hoja hiyo, wakaona haitoshi kueleza pengo. Pingamizi la pili ni zito zaidi: maneno haya yasije yakawa faraja ya matajiri, kwamba maskini hahitaji fedha. Anazihitaji. Huko Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, kaya maskini zilizopewa fedha bila masharti kati ya 2011 na 2013 zilipata furaha zaidi na kuridhika zaidi na maisha. Walioumia ni majirani wasiopewa: hawakupoteza hata senti, ila kuridhika kwao kulishuka, kisha maumivu yakafifia kadiri muda ulivyopita. Nadhani hapo ndipo mji unapotofautiana na kijiji. Rarieda fedha ziliingia kwa muda, zikakoma, watu wakazoea. Mjini kila mwezi jirani fulani anaezeka upya au ananunua gari, na kidonda hakipati nafasi ya kupona.

Mbona basi waliohama hawarudi? Kwa sababu dodoso huuliza mtu anajisikiaje leo, naye alihama akihesabu ada ya mtoto na dawa za mzazi, mambo ambayo kipimo cha 0 hadi 4 hakiyaulizi.