Sababu, Nia na Uwezo

Mwalimu Julius Nyerere amezikwa Butiama, Mkoa wa Mara. Wanaotoka Mwanza kwenda kuliona kaburi lake hupita Bunda. Kutoka Musoma si mbali. Wazee wengi wa mkoa huu wanaikumbuka hotuba yake moja.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia nchi yetu kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kuwa sehemu hiyo ni yake. Kesho yake Mwalimu alilihutubia taifa. Alisema sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao.

Hata asiyejua kusoma aliyashika maneno hayo. Sababu ilionekana: watu waliuawa, ng'ombe waliporwa. Redio ilimwita Amin nduli, yaani muuaji katili. Jina hilo likaingia katika nyimbo na mazungumzo.

Kila mtu na kazi yake

Habari za vita zilishuka kutoka Chama cha Mapinduzi hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Mgambo waliingia jeshini. Malori na mabasi yalibeba askari. Wananchi walichanga ng'ombe, vyakula na fedha. Aliyetoa mwana au mfuko wa mahindi aliona kuwa vita ni vyake. Hivyo ndivyo Serikali ilivyopata nguvu ya umma.

Gharama yake

Majeshi yetu yalimfukuza mvamizi, kisha yakavuka mpaka. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita viliisha Juni mwaka huo. Askari wengine hawakurudi.

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, lakini sabuni, sukari na nguo ziliendelea kuadimika. Vita havikuwa sababu pekee. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani. Hata hivyo, mama aliyefua bila sabuni alikuwa bado analipa gharama ya vita.

Ndugu msomaji, nchi ikivamiwa ni lazima kuilinda. Lakini wananchi wanaoombwa kuunga mkono vita wana haki ya kuuliza mambo manne. Sababu ipo? Nia ipo? Uwezo upo? Na gharama italipwa na nani, kwa muda gani? Zungumzeni jambo hili na wazee wa kijiji chenu.