Picha za familia: tuhifadhi amana, tuepuke ubadhirifu

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, mwaka 2019 tulimzika mama yetu mjini Tanga. Usiku wa tatu, wageni walipopungua, mjukuu wake mdogo aliuliza swali lililotunyamazisha sote: “Babu alikuwa na sura gani?” Baba yetu alifariki mwaka 1988. Sisi watoto wake watano tulikuwa na maelfu ya picha ndani ya simu zetu: harusi, sikukuu za Idd, hata sahani za pilau. Ya baba haikuwamo hata moja. Picha yake pekee ilikuwa sandukuni kwa marehemu mama, ndani ya fremu, nayo ilikuwa imegandana na kioo kwa unyevunyevu. Tukaivuta. Nusu ya uso wake ikabaki kwenye kioo.

Lililotuumiza zaidi ni kwamba mwaka mmoja kabla ya hapo tulichangishana fedha nyingi kusafisha picha zote 600 za harusi ya binti yetu mmoja. Leo albamu zile nne ziko juu ya kabati, na waalikwa wengi waliomo hakuna awajuaye kwa majina.

Wanazuoni wametofautiana juu ya hukumu ya picha, na makala haya hayakusudii kuingia katika tofauti hizo. Tunazungumza na familia ambazo tayari zinazo. Katika Suratul Israai, aya ya 26, Mwenyezi Mungu ameamrisha jamaa wa karibu wapewe haki yao, na katika aya hiyo hiyo akakataza ubadhirifu. Sisi tulikuwa tumefanya ubadhirifu katika picha za harusi, na hapo hapo tukaipoteza haki ya mtoto kumjua babu yake.

Wazee wetu walitutangulia kwa hekima

Zama za mkanda wa filamu, mkanda mrefu ulitoa takriban picha 36, na kila picha ilikuwa na gharama yake. Familia zilizokwenda studio, kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1930, zilijipanga, zikavaa vizuri, na zikatoka na picha chache za kuwekwa miaka mingi. Leo kupiga picha hakugharimu kitu, kwa hiyo hatuchagui. Gharama hutungoja mbele, tunapotaka kuzichapa na kuzihifadhi zote.

Tuliyojifunza

Kwanza, tuchague kabla ya kulipa. Katika picha 600 za harusi, 40 zatosha kusimulia siku ile: wazazi, mashahidi wa ndoa, mabibi na mababu, ndugu waliotoka mbali. Anayechapa 40 badala ya 600 hulipia sehemu moja tu katika 15. Sisi sasa hukutana kila baada ya Idd al-Fitr, na kila nyumba huleta picha 10 za mwaka uliopita.

Pili, tuchape kwa kipimo. Sentimita 10 kwa 15 ndiyo saizi ya kawaida ya albamu, na huhitaji picha yenye pikseli 1200 kwa 1800 tu, kiasi ambacho simu nyingi hukizidi. Tahadhari ni kwamba picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora. Itumwe kama hati, ndipo ifike kama ilivyo. Tukusanye picha za nyumba kadhaa tupeleke pamoja, tuulize bei ya jumla, na tuchape moja ya majaribio kwanza. Kuchapa nyumbani huonekana rahisi, lakini wino ni ghali, na wino wa aina nyingi huchuruzika ukiguswa na maji.

Tatu, tuandike majina. Nyuma ya kila picha yaandikwe kwa penseli laini majina, mahali na mwaka. Kalamu ya wino huweza kupenya hadi upande wa pili. Kazi hii haina gharama, lakini haifai kucheleweshwa, kwa kuwa anayewajua wote waliomo pengine ni bibi mmoja tu.

Nne, tuhifadhi kwa uangalifu. Picha isigusane na kioo. Kati yao iwekwe karatasi ngumu iliyokatwa dirisha katikati. Albamu zenye kurasa za gundi huharibu picha, afadhali zenye mifuko. Ikiwa picha imekwisha gandana na kioo, isivutwe. Ipigwe picha hapo hapo kwa simu, karibu na dirisha lenye mwanga wa kivuli, bila ya kuwasha taa ya kamera. Tungalilijua hilo usiku ule, tusingaliupoteza uso wa baba. Na picha za simu ziwe na nakala katika diski ya kompyuta, na nakala nyingine katika nyumba ya pili, kwani simu huibiwa na diski huharibika.

Tano, tugawane kwa amana. Picha ya mama au dada aliyepigwa ndani ya nyumba bila ya ushungi haifai kurushwa katika kundi la ukoo lenye watu mia. Aulizwe mwenyewe kwanza. Za namna hiyo zichapwe, zibaki kwa wanaostahiki kuziona.

Thamani ya nakala moja

Miezi mitano baada ya msiba, tulikwenda Pangani kumjulia hali mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa baba. Tulipomsimulia, aliinuka akaleta bahasha. Ndani yake ilikuwamo picha ile ile, safi. Baba alikuwa amesafisha nakala mbili, akampa rafiki yake moja, na nyuma yake akaandika kwa penseli majina yao wote wawili na mwaka 1971. Gharama ya nakala moja ya ziada ndiyo iliyowahifadhia wajukuu sura ya babu yao.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, hebu lifunguliwe sanduku la bibi naye akiwapo. Achague, ataje majina, na mmoja wa vijana aandike. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia na atujaalie kuwa wenye kuunga udugu. Amin.