Tembea Kando ya Mto, Lakini Shika Mkono wa Mtoto

Leo tunazungumza juu ya kutembea kwa miguu. Sisemi kutembea ukiwa na mzigo wa kuni mgongoni, bali kutembea kwa ajili ya mwili wako. Tutataja pia hatari moja iliyo kando ya njia zetu nyingi, nayo ni matimbo ya zamani, yaani mashimo yaliyoachwa baada ya kuchimbwa mawe ya kujengea.

Kwanza, kutembea kuna faida gani? Kunaupa moyo nguvu, kunasaidia kuzuia presha na kisukari, kunaleta usingizi mzuri na kupunguza mawazo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Mama mjamzito na mama aliyejifungua pia wanashauriwa hivyo, kama hawana tatizo. Ikiwa ulijifungua kwa upasuaji, muulize muuguzi kwanza. Ukiwa mjamzito na uone damu, kizunguzungu, maumivu ya kifua au maji yakitoka, acha kutembea na uende hospitali mara moja.

Utasema, "Mimi nalima na kuchota maji, mazoezi ya nini tena?" Ni kweli, mama, jembe ni mazoezi. Lakini wengi wetu siku hizi tunakaa dukani kutwa na kurudi nyumbani kwa bodaboda. Na hata anayelima anahitaji nusu saa ya kutembea bila mzigo, akipumua vizuri na kuzungumza na jirani. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

Chagua njia ya mzunguko, inayoanzia nyumbani na kukurudisha nyumbani. Ukichoka unakata kona, na huhitaji nauli ya kurudi. Kwetu Embu tuna Mto Rupingazi na Kapingazi, na Meru kuna Kathita, yote ikitoka upande wa Mlima Kenya. Vijia vya kando ya mito hii vina kivuli na hewa safi. Tembea asubuhi baada ya umande kukauka, au saa kumi jioni jua likipoa. Vaa viatu vinavyoshika mguu, maana malapa huteleza kwenye matope. Nenda na mwenzako, na urudi kabla ya giza.

Mtoni, usimwache mtoto achezee maji yaliyotulia au yanayokwenda polepole. Konokono wa majini wanaweza kueneza kichocho, ugonjwa unaojulikana sana kwa jirani zetu wa mashamba ya mpunga ya Mwea. Mtoto akiumwa na tumbo mara kwa mara au akitoa choo chenye damu, mpeleke zahanati. Kichocho kina dawa.

Sasa tuje kwenye matimbo. Mvua ya Machi hadi Mei, na ile ya Oktoba hadi Desemba, huyajaza maji. Mtoto akiona anadhani ni kidimbwi cha kuogelea. Lakini timbo si kama ukingo wa mto unaoteremka polepole. Kuta zake zimekatwa wima, hivyo hatua moja tu inamfikisha kwenye kina kirefu, na hakuna mahali pa kushika ili apande. Maji ni ya matope, hivyo huoni kina wala mawe yaliyo chini. Ukingo nao hulegea kwa mvua na unaweza kuporomoka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka wa 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anatoweka kimya kimya, wewe ukigeuka kumsalimu mtu. Kwa hivyo, mkikaribia timbo, mshike mkono au mfunge mgongoni, na mpite mbali na ukingo. Usimtume mtoto peke yake kuchota maji huko wala kunywesha mbuzi.

Mtu akitumbukia, usiruke ndani kama hujui kuogelea. Piga mayowe watu waje. Mrushie kamba, mnyoshee mti mrefu, au mrushie mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko, kwa sababu unaelea. Akitolewa na hapumui, mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha ubonyeze katikati ya kifua mara 30 na kupuliza mara 2. Endelea hivyo mpaka apumue au msaada ufike. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hata akizinduka, mpelekeni hospitali.

Timbo lisilo na uzio ni shida ya kijiji kizima. Lipelekeni kwenye baraza la chifu, mwenye shamba aombwe kulifukia au kulizungushia ua wa miiba.

Kumbuka mambo matatu: nusu saa ya kutembea, siku 5 kwa wiki; kichocho kina dawa; na karibu na timbo, mkono wa mtoto uwe ndani ya mkono wako. Kwa leo tunakomea hapo. Tembeeni salama, na mbaki na afya njema.