Ukuaji wa Mayelini katika Gamba la Ubongo Wakati wa Balehe: Ufafanuzi na Maana Yake kwa Sera za Vijana

Ikisiri

Kwa miaka mingi, kupungua kwa unene wa gamba la ubongo wakati wa balehe kumeelezwa kuwa ni matokeo ya kupunguzwa kwa viungio vya seli za neva. Makala haya yanaonesha kwamba sehemu ya mabadiliko hayo inahusiana na kuongezeka kwa mayelini, na yanajadili maana ya jambo hilo kwa wapangaji wa sera.

1.0 Utangulizi

Gamba la ubongo ni tabaka la nje la ubongo, lenye unene wa milimita 2 hadi 4 hivi, linaloshiriki katika lugha, kumbukumbu, upangaji na uamuzi. Seli za neva zilizomo hupeleka ishara kwa kutumia nyuzi ndefu ziitwazo aksoni. Nyingi kati ya nyuzi hizo hufunikwa na mayelini, yaani utando wa mafuta na protini unaojiviringisha tabaka juu ya tabaka. Jina hilo lilitolewa na Rudolf Virchow wa Ujerumani mwaka 1854.

Mayelini hufananishwa na plastiki inayofunika waya wa umeme, lakini mfano huo hautoshi. Utando huo huacha mapengo madogo, yaliyoelezwa na Louis-Antoine Ranvier katika miaka ya 1870, na ishara huhuishwa upya katika kila pengo. Kwa njia hiyo, ishara ambayo katika uzi usiofunikwa ingesafiri mita 1 hivi kwa sekunde huweza kusafiri makumi ya mita kwa muda huohuo. Faida yake si kasi pekee. Ishara zinazotoka sehemu mbalimbali huweza kufika kwa wakati unaopatana.

2.0 Mpangilio wa Ukuaji

Mwaka 1901, Paul Flechsig wa Leipzig alieleza kwamba sehemu za gamba la ubongo hazipati mayelini kwa pamoja. Zinazotangulia ni zile za mwendo, mguso, kuona na kusikia. Zinazochelewa ni zile zinazounganisha taarifa, hasa za upande wa mbele, zinazohusika na kupima matokeo ya tendo kabla ya kulitenda. Yakovlev na Lecours walithibitisha mwaka 1967 kwamba ukuaji huo huendelea kwa miaka mingi baada ya kuzaliwa. Aidha, ulinganisho wa binadamu na sokwe uliochapishwa mwaka 2012 ulionesha kwamba sokwe hufikia kiwango cha utu uzima karibu na wakati wa kupevuka kijinsia, ilhali kwa binadamu ukuaji huo huvuka miaka ya mwisho ya balehe.

3.0 Tafsiri ya Picha za Ubongo

Mwaka 1979, Peter Huttenlocher alichapisha matokeo ya kuhesabu viungio vya seli katika gamba la mbele, akaonesha kwamba msongamano wake hupungua kati ya utoto na ujana. Mwaka 1999, Jay Giedd na wenzake walitumia picha za MRI na kuona kwamba sehemu ya kijivu huongezeka utotoni, kisha hupungua wakati wa balehe. Ilikuwa rahisi kuunganisha matokeo hayo mawili na kuhitimisha kwamba gamba hupungua kwa sababu viungio visivyotumika huondolewa.

Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayajakamilika. Katika picha za MRI, mpaka kati ya sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe hukadiriwa kwa tofauti ya mng'ao. Mayelini inapoongezeka katika tabaka za chini za gamba, tabaka hizo huanza kuonekana kama sehemu nyeupe. Mpaka husogea, na gamba huonekana jembamba zaidi hata pale ambapo hakuna tishu iliyopotea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 297 wa umri wa miaka 14 hadi 24 nchini Uingereza, ulionesha kwamba sehemu za uunganishaji ziliendelea kuwa nyembamba huku kipimo kinachoashiria mayelini kikipanda. Hata hivyo, kipimo hicho huashiria mayelini kwa njia isiyo ya moja kwa moja.

4.0 Maana kwa Sera

Tofauti hii si ya istilahi tu. Ubongo wa kijana ukielezwa kama kitu kinachopungua, sera huelekea kwenye udhibiti. Ukieleweka kuwa bado unajengwa, swali huwa ni vifaa na mazingira ya ujenzi.

Kifaa kimojawapo ni madini ya chuma, ambayo seli zinazotengeneza mayelini huyahitaji. Wasichana huanza kupoteza madini hayo kwa hedhi katika kipindi hichohicho. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyongeza ya kila siku kwa wasichana na wanawake wanaopata hedhi pale ambapo upungufu wa damu umefikia asilimia 40 au zaidi. Kwa hiyo, upungufu wa damu shuleni ni suala la elimu sawa na lilivyo la afya.

Kuhusu mazingira, majaribio ya mwaka 2012 yalionesha kwamba panya wachanga waliotengwa na wenzao walipata mayelini pungufu katika sehemu ya mbele ya ubongo. Panya si kijana, lakini matokeo hayo yanatoa sababu ya kuchunguza athari za kuwatenga vijana.

Kuhusu umri wa kisheria, hadhari inahitajika. Hakuna picha inayoonesha siku ambayo ubongo hukomaa. Takwimu zilizopo ni wastani wa makundi. Umri wa miaka 18 uliowekwa na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unasimama juu ya haki, na haupaswi kusubiri ithibati ya MRI.

5.0 Hitimisho

Gamba la ubongo wakati wa balehe hupunguza viungio na kujenga mayelini kwa pamoja. Kwa kuwa sehemu kubwa ya takwimu hizi imetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, vyuo vikuu vya kanda vinapaswa kushirikiana kufuatilia vijana walewale kwa miaka kadhaa, vikipima lishe na maradhi pamoja na ubongo. Wakati kazi hiyo ikisubiriwa, lishe ya vijana shuleni haihitaji kusubiri.